Farasi alinitupa, sasa ninamwogopa: nimuuze?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, ninaishi nje kidogo ya Mafinga na biashara yangu ni mbao. Miaka mitatu iliyopita nilinunua farasi kwa familia iliyokuwa inahama kutoka shamba la chai huko Mufindi. Niliambiwa ana miaka mitano. Anaitwa Ulanzi, anaishi peke yake na mbuzi wangu wawili, na anakula majani, pumba na mahindi. Nilikuwa nampanda kila Jumamosi kwenye barabara za mashamba ya paina. Mwezi wa nne lori la magogo lilikuja nyuma yetu likaachia breki za upepo. Akaruka pembeni, nikaanguka, nikavunjika mtulinga. Yeye alikimbia kama urefu wa uwanja wa mpira, akasimama akaanza kula nyasi.

Mfupa umepona, lakini nikivaa buti tu mikono inatetemeka. Nimempanda mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili nimeshuka kabla ya kufika getini. Kumpiga brashi na kukaa naye bandani bado ninapenda sana. Kijana anayemtunza anasema farasi hana neno, tatizo ni mimi. Mume wangu anasema anakula pesa bure. Sasa kuna mtu wa Dar es Salaam anamtaka kwa ajili ya harusi na picha za ufukweni, na anasema wiki ijayo atatuma gari. Ninajisikia kama msaliti. Nimuuze, au nijikaze?

JIBU

Marahaba, mama. Kamwene, na pole sana kwa mtulinga. Ni mfupa mwembamba, lakini ukivunjika hata kufunga kitenge ni kazi.

Kwa kuwa gari linakuja wiki ijayo, jibu nalitanguliza. Mpigie huyo mtu leo umwambie asitume gari. Kuhusu kuuza kwenyewe sikufichi: kwa ninavyosoma barua yako, Ulanzi ni wa kuuzwa, na hutakuwa umemsaliti mtu. Ila kwanza apimwe, auzwe huku huku Nyanda za Juu, na aende kwa mtu mwenye farasi wengine. Sababu zangu ni hizi, na zile zinazohusu afya yake nitazichukulia muda zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupita haraka.

Nianze na hofu yako. Watu wanaokwambia ujikaze wanadhani hofu inakaa kichwani tu. Mpanda farasi mwenye hofu huizuia pumzi, huinamia mbele, hubana mapaja na huvuta hatamu. Farasi akibanwa mbavuni anaelewa kwamba anaambiwa aende. Akivutwa mdomoni anaelewa kwamba anaambiwa asimame. Hapo anakuwa amepewa amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, na mtu anayempa amri hizo amekaa mgongoni, mahali asipoweza kumwona vizuri. Farasi mzee aliyezoea watu atasimama asubiri uamue. Farasi wa umri wa Ulanzi, mwenye nguvu na aliyekaa bila kazi tangu mwezi wa nne, atataka kuondoka hapo alipo.

Tena hali hiyo humfika farasi hata kabla hujamgusa kwa mguu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika Sweden ambapo watu waliwaongoza au kuwapanda farasi kwenye njia fupi, wakapita mara kadhaa huku mapigo ya moyo ya wote wawili yakipimwa. Ilipofika mara ya mwisho waliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla wakiwa wanapita. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini moyo wa mtu ulienda mbio, na wa farasi wake ukaenda mbio vilevile, ingawa farasi hakuwa na habari yoyote ya mwavuli. Kwa hiyo unapoelekea getini ukiwa na lori la magogo moyoni, Ulanzi anajua kuna jambo. Hajui ni nini, na kwa mnyama kama yeye kutojua ni kubaya zaidi.

Kijana wako amesema nusu ya ukweli. Ni kweli farasi hana neno kwa maana ya tabia. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila kuna sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine moja kwa moja nyuma ya mkia asikoona. Lori lilitokea huko huko nyuma asikoona, likatoa ule mlipuko wa hewa ambao hata sisi watu hutushtua. Alifanya kile ambacho farasi huzaliwa nacho: ondoka kwanza, uliza baadaye. Halafu angalia alichofanya baada ya hapo. Aliishia mita mia hivi, akatulia, akala nyasi. Farasi mkorofi, au aliyeingiwa na wazimu wa hofu, angefika nyumbani na tandiko likiwa limepinda tumboni. Hilo ni jambo zuri la kumwambia mnunuzi, na ni la kweli.

Nusu asiyoisema kijana ni kwamba tatizo haliwi la mtu mmoja. Mpandaji wa Jumamosi kwa Jumamosi na farasi mdogo, mwenye nguvu, anayeishi peke yake, kwenye barabara ya malori: hapo hakuna mwenye kosa, ila watu wawili hawa hawakufaa kuwekwa pamoja bila mwalimu. Nawaita watu wawili kwa sababu ndivyo ninavyowaona.

Sasa tuje kwenye kupimwa. Kabla hujamwambia mtu yeyote "huyu farasi anauzwa kwa sababu mimi namwogopa", hakikisha hana maumivu. Simama ubavuni mwake akiwa ametulia, ameshikwa na kijana kwa kamba iliyolegea. Weka ncha za vidole pale juu mabega yanapokutana, kisha tembeza vidole kuelekea kiunoni, upana wa kiganja kimoja kutoka kwenye uti, ukibonyeza kwa uzito wa wastani kama unavyobonyeza parachichi kujua limeiva. Usiangalie mgongo, angalia uso. Masikio yakilala nyuma, mkia ukichapa, misuli ikicheza chini ya vidole au mgongo ukizama kukukwepa, pana maumivu. Rudia upande wa pili. Kisha mfunge mkanda wa tumboni taratibu uone kama anageuka kutaka kuuma. Farasi anayeuma wakati wa kufungwa mkanda wengi humwita mjeuri, na mara nyingi ni tandiko linalomkandamiza, au ana vidonda tumboni.

Tandiko lenyewe liangalie bila nguo chini yake. Ukiliweka mgongoni na kuchungulia kutoka mbele, lazima uone mwanga kati yake na uti wa mgongo, mbele hadi nyuma. Umesema ulimnunua akiwa na miaka mitano. Farasi wa miaka mitano bado anajaza misuli. Tandiko lililomkaa wakati ule linaweza kuwa linambana leo.

Mdomoni muachie daktari. Magego ya farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote, na kwa kuwa hutafuna kwa kuzungusha taya, kingo za nje za juu na za ndani za chini hubaki kali hadi zikate mashavu na ulimi. Ukiweka lijamu, kile chuma cha mdomoni, juu ya kidonda halafu ukavuta hatamu kwa hofu, atarusha kichwa juu. Kazi ya kuyasawazisha kwa tupa hufanywa mara moja kwa mwaka. Daktari akiwa mdomoni mwambie akadirie umri pia. Farasi hukamilisha meno ya mbele ya utu uzima anapokaribia miaka mitano. Lile jino la mbele la pembeni kabisa, la juu, huanza kuonyesha mfereji mdogo wa rangi ya kahawia kwenye fizi afikapo miaka kumi hivi. Ulanzi akiwa na huo mfereji, basi uliambiwa umri usio sahihi, na ni heri ulijue wewe kabla mnunuzi hajalijua.

Kuna jambo la chakula linalonitia wasiwasi zaidi ya hayo yote. Unasema anakula pumba na mahindi. Huku kwetu mahindi yapo kila nyumba, na yale yaliyonyeshewa au kuota ukungu ndiyo mara nyingi hupelekwa kwa mifugo. Kuna ukungu wa mahindi, jamii ya fuzari, unaotoa sumu ambayo ng'ombe huivumilia kwa kiasi kikubwa lakini kwa farasi huyeyusha ubongo. Huanza kwa mambo madogo: anashtuka hovyo, au kinyume chake anasinzia, anagonga vitu upande mmoja, mdomo unalegea, anayumba. Kisha hufa ndani ya siku chache, na dawa hakuna. Sisemi Ulanzi anao. Farasi aliyeangukiwa na ugonjwa huo mwezi wa nne asingekuwepo leo. Nasema kuanzia leo asipewe punje yenye ukungu wala pumba inayonuka uvundo, na yeyote atakayemnunua aambiwe.

Na hata yakiwa safi, hayo mahindi anayala ya kazi gani? Mnyama hajafanya kazi tangu mwezi wa nne. Farasi wa kilo 400 anahitaji majani yenye ukavu wa kilo 6 hadi 8 kwa siku, na utumbo wake umeumbwa kula kidogo kidogo kutwa nzima na sehemu kubwa ya usiku. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa vizuri na malisho ya kutembea vinamtosha kabisa. Punguza mahindi pole pole kwa muda wa wiki mbili hadi yaishe, usiyakate siku moja. Utashangaa utulivu utakaouona.

Jambo la upweke pia ni zito. Mbuzi wawili ni marafiki wazuri, na ni afadhali kuliko kuwa peke yake kabisa, lakini farasi ni mnyama wa kundi. Katika kundi huwa kuna mwingine anayekesha, ndipo yeye alale. Farasi anayeishi bila wenzake hubeba ulinzi wote mwenyewe, na ukimtoa kwenda barabarani peke yake anakuwa na jambo moja kichwani, kurudi. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niseme auzwe. Hata ukipona hofu yote kesho asubuhi, wewe utakuwa na furaha ya Jumamosi na yeye atakuwa amebaki na siku sita za kusimama peke yake.

Utaniuliza, je, nijaribu tena kwanza? Ukitaka, jaribu, lakini usijaribu kwa kupanda. Watu husema ukianguka panda palepale la sivyo hutapanda tena maisha. Mimi siliungi mkono hilo, hasa kwa mtu aliyevunjika mfupa na pengine amegonga kichwa. Hofu hupungua kwa hatua ndogo ambazo kila moja inaishia ukiwa umetulia. Ukishuka ukiwa unatetemeka, mwili unajifunza kwamba kushuka ndiko kumekuokoa, na safari ijayo hofu inaanza mapema zaidi. Ndiyo maana mara ya pili pia hukufika getini.

Kwa hiyo anzia chini. Kila siku ukienda bandani, mpime mapigo. Pitisha vidole viwili chini ya taya lake, pale ulipo ukingo wa mfupa, utakuta mshipa unaoteleza wenye unene wa kalamu. Hesabu kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Akiwa ametulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, pungufu kabisa ya moyo wako. Ukiwa unahesabu pumua taratibu, utoe pumzi ndefu kuliko uliyoingiza. Siku zitakavyokwenda utaona unapofika yeye anashusha kichwa na kutafuna tafuna. Kisha mtembeze kwa kamba, mwanzo uani, baadaye hadi getini, bila tandiko. Kisha kijana ampande, wewe ushike kamba. Ikiwa baada ya mwezi mmoja na nusu hivi wa kazi hiyo unajikuta unatamani mwenyewe kupanda, mtafute mwalimu na anza ndani ya uzio, kwenye farasi mzee mpole wa mtu mwingine.

Ila nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, mama, na hakuna mahali ulipoandika kwamba unatamani kupanda. Umeandika kwamba unapenda kumpiga brashi. Umeuliza kama unaruhusiwa kuacha. Unaruhusiwa. Una watu wanaokutegemea nyumbani na kwenye mbao, na mtulinga ukivunjika mara ya pili hakuna atakayebeba magogo hayo badala yako. Kupanda farasi ni kitu ambacho mtu mzima anaweza kukipenda miaka mitatu, kikampa raha, kikaisha.

Sasa huyu mnunuzi wa Dar. Sina ubaya naye, simjui. Naijua kazi anayomtakia farasi. Farasi wa harusi anasimama kwenye msururu wa magari yanayopiga honi, mbele yake kuna matarumbeta, pembeni watoto, na juu yake bibi harusi aliyevaa gauni linalopepea, ambaye hajawahi kushika hatamu. Mnyama aliyeruka kwa breki za upepo umpeleke kwenye matarumbeta? Wapo farasi wanaoifanya kazi hiyo vizuri, ila walifundishwa kwa sauti hizo kidogo kidogo kwa muda mrefu. Siku ya kwanza ya Ulanzi inaweza kuwa siku ya msiba wa mtu.

Na kabla ya harusi kuna safari. Kutoka Mafinga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, unashuka Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni, unakatisha katikati ya hifadhi ya Mikumi ambako mbung'o wapo. Farasi anaugua nagana, ugonjwa wanaoueneza mbung'o hao, vibaya kuliko ng'ombe wetu, na dawa nyingi tunazowachoma ng'ombe yeye hazivumilii vizuri. Akisafiri kutwa nzima kichwa kimefungwa juu, asiweze kukishusha kukohoa na kutoa makamasi, mapafu huingiwa na uchafu na homa ya mapafu humkuta siku mbili tatu baada ya kufika, mnunuzi akidhani amechoka tu.

Akifika pwani kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Huu huletwa na virusi vinavyobebwa na visubi wadogo sana wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa mvua zinapoisha na joto likiwepo. Aina yake ya mapafu huua zaidi ya asilimia 90 ya farasi wasio na kinga. Asubuhi unamkuta povu linatoka puani. Chanjo ipo na inachomwa kila mwaka. Mafinga, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai hutusaidia kupunguza visubi, ingawa haituondolei hatari yote. Farasi aliyezoea baridi yetu, ambaye pengine hajachanjwa tangu umnunue, ukimpeleka ghafla kwenye joto na visubi umempeleka akiwa uchi. Hebu tafuta karatasi zake za chanjo. Zisipoonekana, achanjwe kabla ya uuzaji wowote, na akae wiki kadhaa kinga ijengeke kabla ya kusafiri.

Mnunuzi unayemtafuta yuko karibu. Mashamba ya Mufindi na ya Iringa vijijini yapo yanayofuga farasi kadhaa pamoja, kwa kutembeza wageni au kwa kukagua mifugo na mipaka. Wana malisho, wana mtu anayejua kupanda, na Ulanzi atakuwa na wenzake. Huenda watakupa pesa pungufu ya yule wa Dar. Pokea. Wasiotaka kununua wanaweza kukubali kumchukua kwa miezi mitatu wamfanyie kazi wakimlisha wao, kisha waamue. Makubaliano kama hayo kwangu ni bora kuliko fedha ya haraka.

Wakija kumwona, kijana ampande kwanza wao wakitazama, ndipo wao wapande. Wampeleke hadi barabarani, wamwone akisikia lori. Waambie yote: aliruka siku gani, kwa sababu gani, alisimama wapi, ulivunjika nini, amekaa muda gani bila kazi. Usikubali mtu yeyote akushauri achomwe sindano ya kumtuliza siku ya kuonwa. Ni udanganyifu, na dawa ikimtoka, mgongoni atakuwepo mtu mwingine anayeweza kuvunjika shingo. Ukweli hauwafukuzi wanunuzi wazuri. Unawafukuza wale ambao ungejuta kuwauzia.

Na wewe waulize maswali yako bila haya. Malisho yako wapi? Kama ni Njombe au Rungwe, je, kuna miparachichi ndani ya uzio? Matunda, majani na hata magome ya mparachichi yana sumu kwa farasi. Humvimbisha kichwa na kumdhuru moyo, na kwa jinsi watu walivyopanda parachichi siku hizi swali hili haliepukiki. Ng'ombe wao wanaoga dawa gani? Nyingi za kupe zina amitrazi, na farasi akiogeshwa hiyo utumbo wake husimama. Kwa ng'ombe ni dawa, kwake ni kifo cha tumbo. Wanafuga kuku? Chakula cha kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe huwekewa dawa kama monensini, na kiasi kidogo tu huua moyo wa farasi. Kwenye malisho ya ukingo wa msitu kuna kangaga? Zina sumu kwake, na zikingʼolewa kabla hajazizoea kuzila ni vizuri zaidi. Mtu anayejibu maswali haya kwa utulivu, au anayetoa daftari aandike, huyo mpe farasi. Anayekuambia "farasi ni kama punda tu, anakula chochote", mpe chai aende zake. Vilevile anayemtaka wa mkokoteni: farasi wa kupandwa hafungwi mkokoteni kwa siku moja, akisikia kitu kinamfuata nyuma kwa kelele atafanya lile lile alilofanya kwa lori, safari hii akiwa anakokota mkokoteni wenye watu.

Karatasi si nyingi. Andikeni mkataba unaotaja alama zake za mwili, umri uliokadiriwa na daktari, na tukio la mwezi wa nne, mbele ya mtendaji. Mwombe mnunuzi aahidi kwa maandishi kwamba akitaka kumuuza tena atakuuliza wewe kwanza. Ofisa mifugo atawapa kibali cha kumsafirisha, maana mifugo haihamishwi bila hicho. Damu yake ipelekwe maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Iringa ichunguzwe vijidudu vya kupe na nagana. Majibu mpe mnunuzi hata kama si mazuri.

Kuhusu mume wako, mwambie farasi anauzwa lakini kwa utaratibu huu, na kwamba pumba na mahindi utakayoacha kumpa tayari ni nafuu. Nadhani hilo litamtosha.

Kijana wako ndiye aliyebaki. Kwa miaka mitatu ameamka na mnyama huyu, anamjua anavyosimama akiumwa na anavyosimama akiwa na njaa. Mwambie wewe, mapema, asisikie kwa wanunuzi. Mwombe akae kwenye mazungumzo, aseme anachokijua, na shamba likihitaji mtunzaji umtaje kwa jina. Farasi anayehama pamoja na mtu anayemjua huweza kuanza kula siku ile ile. Hata ikishindikana, aende naye kwa wiki ya kwanza, nauli na posho juu yako.

Utatamani kwenda kumwona, na ninakuhimiza uende. Acha wiki tatu hivi zipite azoee, kisha nenda na brashi yako.

Tandiko, kama limethibitika kumkaa, liende naye kwa bei ya pamoja, maana halitamkaa farasi mwingine kwa urahisi. Kofia uliyoivaa siku ile usiiuze wala usimpe mtu, hata kama inaonekana nzima. Iliyopigwa chini mara moja povu lake la ndani limeshabonyea na haliokoi tena kichwa. Ikate mkanda kabla ya kuitupa, asije mtoto akaiokota akaivaa kwenye bodaboda.